Mwaka Bwana Shomvi Alipokataa Kushindwa

Nchi ya Utayarini haimo kwenye ramani yoyote. Wenyeji wake husema wachora ramani waliwahi kufika mpakani, wakaombwa wasubiri kidogo ili wapokewe ipasavyo, na maandalizi ya kuwapokea yanaendelea hadi leo. Daktari Mwatime Ngwali alikuwa na bahati zaidi yao. Alialikwa na Hospitali Kuu ya Mafunzo ya nchi hiyo, iliyotaka bingwa wa maradhi ya kifua kutoka nje aje ashuhudie jinsi ilivyojiandaa kwa janga, kisha arudi kwao akasimulie.

Mwatime alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kuamini. Asubuhi alipofika mvua ilikuwa ikinyesha ya kumwagika. Barabarani watu walipita wameloa chapachapa, na kila mmoja alikuwa na mwavuli mpya kwapani, umekunjwa vizuri. Mwanafunzi wa udaktari aliyetumwa kumpokea, binti mmoja mrefu aitwaye Rehani, naye alikuwa akichuruzika maji huku ameukumbatia wake.

"Mbona hamfungui miavuli, mwanangu?" Mwatime aliuliza.

"Tukiifungua itachakaa, Daktari. Ikija mvua kubwa tutakuwa na nini?"

"Lakini hii ni kubwa."

"Inaweza kuzidi," alisema Rehani kwa adabu, akajipangusa maji usoni.

Njiani Rehani alimweleza sheria mama ya nchi yao: kitu kilichowekwa kwa ajili ya dharura hakiguswi, kwa sababu kikiguswa kimepungua, na kikipungua nchi haiko tayari. Kwa sheria hiyo gari lao la zimamoto lilikuwa jipya kama lilivyotoka kiwandani. Nyumba iliposhika moto, gari lilitolewa nje, likapigwa king'ora kidogo ili wenye nyumba wapate moyo, kisha likarudishwa ndani, lisije likakutwa mbali siku moto wenyewe utakapotokea.

Hospitalini Mwatime alipokewa na mkurugenzi, Profesa Kingwande Mtambalike, mtu mpana, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Profesa hakumpeleka wodini. Alimpeleka ghalani, jengo refu kuliko wodi zote zikiunganishwa. Mlangoni alisimama Bi Kidawa, Mtunza Utayari, mama mkavu aliyevaa funguo shingoni kama mikufu. Ndani mitungi ya oksijeni ilipangwa safu kwa safu, imefungwa utepe kama zawadi za harusi. Kulikuwa na milima ya barakoa, glovu, magauni ya wauguzi na vitakasa mikono.

"Hakuna nchi inayotushinda," alisema Profesa.

Mwatime alishika boksi moja la barakoa, akasoma ubavuni. "Profesa, hizi zimepitwa na wakati zamani sana."

"Kamati iliketi juu ya jambo hilo," Bi Kidawa alijibu kwa niaba yake. "Mjadala ulikuwa mkali. Ikaamuliwa kwamba tarehe ya mwisho ni maoni ya kiwanda. Naomba uliweke chini hilo, Bibi Daktari. Umeshalipunguza kidogo."

Baadaye, alipopata mwanya wa kuingia wodini peke yake, Mwatime aliwakuta wagonjwa wawili wakipokezana mtungi mmoja wa oksijeni. Mmoja akivuta, mwenzake akimsubiri kwa heshima. Aliwaona na wengine kadhaa wenye homa na kikohozi kikavu kilichofanana mno. Alipomuuliza daktari wa wodi wana ugonjwa gani, aliambiwa ni wageni wa kifua.

"Ndio ugonjwa gani huo?"

"Hauna jina bado. Hatuwezi kuuita janga, maana Janga linaingia keshokutwa, kwa lango kuu, na beni ya matarumbeta."

Hapo ndipo Mwatime alipopelekwa kuonana na Janga.

Janga alikuwa na ofisi. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa cheo chake, na ndani alikaa Bwana Shomvi Kidai, mzee mwembamba mwenye macho makubwa na mikono isiyotulia. Zamani alikuwa mwalimu wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini kwa urefu wake na kikohozi chake cha kuvutia akateuliwa kuwa Janga katika Zoezi la kila mwaka, na hajawahi kupata mpinzani. Hata mkewe, akienda sokoni, aliitwa Mama Janga na kupewa mboga za juu.

"Kazi yangu ni ngumu, dada yangu," alimwambia Mwatime, akitandaza joho lake jeusi ili alione. "Naingia langoni. Nakohoa. Wanafunzi wanaanguka. Natamba. Kisha Profesa ananijia na wahudumu wake, wanafungua ghala, wananizunguka na mitungi na dawa. Mimi naanguka miguuni pake na kusema 'Nimeshindwa.' Watu wanapiga makofi, ghala linafungwa, tunakula pilau."

"Na ukishinda wewe?"

Bwana Shomvi alicheka mpaka akashika meza. "Nishinde mimi? Mshahara wangu unatoka hapa hapa!" Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Alipopata pumzi alisema ni vumbi la joho. Alikuwa ametoka kumwamkia shemeji yake, mmoja wa wale wageni wa kifua. Mwatime alimtazama midomo, akaiona inaanza kuwa ya buluu, akataka kumpima, lakini mzee alikataa katakata: Janga halipimwi kabla ya Zoezi, linaweza kupoteza makali.

Siku ya Zoezi uwanja wa hospitali ulijaa. Beni ilipiga, mawaziri walikaa chini ya turubai, wanafunzi walijipanga wakiwa na barakoa za kuazima. Lango likafunguliwa, na Bwana Shomvi akaingia na joho lake likiburuzika.

Akakohoa.

Watu walishangilia. Waliokuwa wamehudhuria miaka yote walisema hawajapata kusikia kikohozi kama hicho. Kilianzia kifuani kabisa, kikamkunja kiuno, kikamtoa machozi. Waziri mmoja alisimama na kupiga makofi juu ya kichwa chake. Bwana Shomvi alipiga hatua mbili tatu, akasimama, akashika nguzo ya bendera, akahema. Makofi yakazidi. Mwatime peke yake hakupiga. Aliinuka pale alipoketishwa, akashuka uwanjani bila kuitwa.

"Bwana Shomvi," alimnong'oneza, "unaigiza?"

"Nilianza kuigiza, dada," alisema mzee, jasho likimtiririka. "Sasa nashindwa kuacha."

Profesa Mtambalike alikuwa amekwisha kufika na msafara wake. Kule nyuma Bi Kidawa alifungua milango ya ghala kwa funguo zote, na mitungi ikatolewa ikiwa na utepe wake. Bwana Shomvi akaanguka miguuni pa Profesa, akaanguka vizuri kuliko mwaka wowote, lakini hakusema neno. Beni ikasita. Profesa akasogeza kiatu chake kidogo, kama mtu anayekumbusha.

"Sema," alinong'ona.

Mzee alifungua mdomo, ukatoka mluzi tu.

"Huyu ni mgonjwa kweli," Mwatime alisema kwa sauti. "Nipeni mtungi huo."

Wahudumu walimtazama Profesa. Profesa akamtazama Bi Kidawa, aliyeifuata mitungi mpaka uwanjani. Bi Kidawa alikuwa mtu wa sheria mpaka kwenye mifupa, na uso wake haukuonyesha huruma wala ukatili. Mwatime akamgeukia yeye.

"Bi Kidawa, Zoezi linaisha lini kisheria?"

"Janga likisema limeshindwa."

"Limesema?"

"Halijasema."

"Na mpaka liseme, ghala likoje?"

Bi Kidawa alizipapasa funguo zake moja moja. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa, na kwamba jibu lake lilikuwa likimuumiza. "Mpaka liseme," alisema hatimaye, "ghala li wazi, na vyombo vyote ni vya Zoezi."

"Basi Zoezi linaendelea," alisema Mwatime, akakata utepe kwa meno.

Hivyo ndivyo janga lilivyoanza kushughulikiwa Utayarini, nalo lilikuwa limekwisha kuingia mjini zamani, kwa njia ya sokoni, bila beni. Siku zilizofuata wagonjwa walimiminika. Sheria haikuruhusu mtu yeyote kutumia mtungi au barakoa kwa sababu ya ugonjwa, lakini haikumkataza mtu kushiriki Zoezi. Kwa hiyo langoni liliwekwa dawati, na karani akawa anamuuliza kila anayekuja.

"Unaigiza nafasi gani?"

"Naigiza siwezi kupumua," alisema mama mmoja muuza maandazi, Mama Sijali, akishikiliwa na wanawe.

"Ingia, kushoto."

Wanafunzi waliokuwa wamezoea kuanguka chini na kuinuka kwa makofi walijikuta wakibadilisha mitungi, wakiosha mikono mpaka ngozi ikachunika, wakiwageuza wagonjwa kifudifudi ili wapate hewa. Barakoa zile za zamani zilikuwa zikikatika mikanda masikioni. Wakakaa na sindano na uzi, wakazishona, huku Mwatime akipita nyuma yao na kupiga kelele, "Funika na pua! Pua nayo ni yako!" Walitenga wodi mbili za wenye kikohozi na moja ya wasiokuwa nacho. Kamati ya Utayari ilitaka kwanza kujadili neno "kutenga", ikakaa kikao asubuhi hadi jioni, na ilipomaliza ikakuta wodi zimeshatengwa na wajumbe wawili wamelazwa humo.

Rehani ndiye aliyekuwa akimhudumia Mama Sijali. Alimpenda yule mama, kwa sababu hata akiwa na mpira wa oksijeni puani aliendelea kuwapangia wauguzi bei za maandazi. Asubuhi moja Mwatime alimkuta binti yule amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, mashuka yamekunjwa, barakoa imelowa.

"Alisema anaigiza," Rehani alisema. "Daktari, alisema anaigiza."

Mwatime alimvua ile barakoa iliyolowa, akampa kavu. Alikaa naye. Kisha wakaingizwa wengine wawili, na wote wakainuka.

Profesa Mtambalike wakati huo hakuwa na usingizi wala hamu ya kula. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Maisha yake yote alijisifia ghala lililojaa, na sasa kila akipita aliona sakafu. Siku moja alikusanya maofisa wake wakaenda mpaka kitandani kwa Bwana Shomvi, aliyekuwa amelala ubavu, joho lake limetundikwa ukutani kama mgeni wa pili.

"Shomvi, ndugu yangu," alianza Profesa, na kwa mara ya kwanza hakuhutubia. "Neno moja tu. Sema, tufunge ghala, tuokoe kilichobaki."

"Kilichobaki ni cha nini, Profesa?" aliuliza Bwana Shomvi. Kila neno alilitafutia pumzi yake.

"Cha siku ya hatari."

Bwana Shomvi aligeuza macho, akatazama vitanda vilivyojipanga mpaka mwisho wa wodi. "Na hawa?"

"Nitakupa jengo, liitwe jina lako. Nitakupa cheo. Hutakuwa Janga tena, utakuwa Naibu Mkurugenzi."

Mwatime alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Alijua kwamba mzee akisema lile neno, hata kwa kunong'ona, Bi Kidawa angefunga milango palepale bila kuuliza. Alijua pia kwamba mzee akifa, Janga litahesabiwa limeshindwa, na milango itafungwa vilevile. Hakuwahi kuwa na mgonjwa aliyebeba pumzi za watu wengi namna ile. Alitaka kumziba mdomo kwa kiganja. Alijizuia.

"Profesa," alisema Bwana Shomvi, "kila mwaka nimeanguka miguuni pako. Viatu vyako navijua kuliko fundi aliyevishona. Mwaka huu ugonjwa ndio ulioniangusha, si wewe, na lile neno silisemi. Niache nihangaike na kifua changu."

Kisha akafumba macho, akaendelea kupumua kwa bidii, kama mtu anayepandisha mzigo ngazini.

Maofisa walitoka. Bi Kidawa alibaki nyuma kidogo. Alimtazama mzee, akatazama ule mtungi ulio karibu kuisha, akatoka, na baada ya muda mfupi akarudi akisukuma mwingine mwenyewe, gurudumu moja likilia njia nzima.

"Uko ndani ya sheria," alimwambia Mwatime kwa ukali, kana kwamba kuna aliyembishia.

Haikupita muda, Profesa mwenyewe akaanza homa. Alijificha ofisini kwa siku kadhaa, akiwaambia watu ana mafua ya kiutawala. Mkewe ndiye aliyemkokota mpaka langoni, amejifunika shuka, anahema.

Karani alisimama kwa heshima. "Shikamoo, Profesa. Unaigiza nafasi gani?"

"Unanifahamu mimi ni nani?"

"Nakufahamu. Nafasi gani?"

"Mkurugenzi."

Karani alisikitika kweli. "Mkurugenzi hana kitanda, Profesa. Vitanda ni vya wagonjwa."

Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wakitafuta hewa. Profesa alitazama anga, akatazama viatu vyake, akamtazama mkewe.

"Sema basi, baba watoto," alisema mkewe. "Usitucheleweshee wenzetu."

"Naigiza mgonjwa," alisema Profesa, kwa sauti ndogo ambayo hospitali haikujua kama anayo.

Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya Bwana Shomvi. Wazee hao wawili walilala hapo wakitazamana, kila mmoja na mpira wake puani. Siku za mwanzo hawakusemezana. Baadaye Rehani aliwasikia wakigombana juu ya nani anakoroma, na akamkimbilia Mwatime kumpa habari kama mtu aliyeokota dhahabu, kwa sababu wagonjwa wanaogombana kwa kawaida huishi.

Wakaishi. Wengi hawakuishi, na katika wodi ile kila aliyefanya kazi alibaki na jina lake la kukumbuka. Lakini wagonjwa wapya walipungua, kisha wakawa wa kuhesabika, kisha wakawa wageni wa magonjwa mengine, miguu iliyovunjika na matumbo ya kuendesha.

Mawaziri, waliokuwa wamejifungia makwao, walitoka wakatangaza kwamba nchi imelishinda janga kutokana na maandalizi bora. Wakaagiza sherehe ifanyike uwanjani ili Zoezi lifungwe rasmi. Beni ilikuja, na mpiga tarumbeta mmoja hakuwepo. Bwana Shomvi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, joho limemzidi. Profesa Mtambalike alisimama mbele yake akitegemea mkongojo. Bi Kidawa alikuwa mlangoni pa ghala, sasa tupu kabisa, na funguo mkononi.

"Sema, Janga," aliamuru waziri kutoka chini ya turubai.

Bwana Shomvi alitazama watu. Alimwona Rehani katikati ya wenzake, na watoto wa Mama Sijali wamesimama pamoja karibu na ukuta.

"Mimi nimekuwa Janga muda mrefu," alisema, na watu wakasogea kumsikia, maana sauti yake ya kutamba haikurudi tena. "Mnataka niseme nimeshindwa. Waliozikwa wataniuliza nilishindwa na nani. Sijashindwa, waheshimiwa. Nimeondoka tu. Na njia ya kurudi naijua."

Hakukuwa na makofi. Waziri alimgeukia Profesa ili amlazimishe. Profesa aliinamia mkongojo wake.

"Janga limesema," alijibu. "Mimi nilikuwa mgonjwa tu, sina la kuongeza."

Wote wakamtazama Bi Kidawa. Midomo ilimchezacheza, akipitia vifungu vya sheria kichwani. Kisha akazivua funguo, akazitundika kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo mtu yeyote angezifikia.

"Zoezi linaendelea," alisema. "Kisheria, kila kinachoingia humu ni cha kutumiwa."

Mawaziri walikasirika, wakaunda kamati ya kuchunguza neno "kuondoka", na kamati hiyo, kwa habari alizopata Mwatime, bado inaandaa ukumbi. Katika hospitali mambo hayakusubiri. Mitungi iliingia ikatoka, ikajazwa ikarudi. Barakoa zilizeeka nyusoni mwa watu badala ya kuzeekea kwenye maboksi.

Mwatime alipokuwa anafunga mizigo yake, alipita darasani kuaga. Bwana Shomvi alikuwa amerudi kazini, lakini kibao cha shaba kilishaondolewa mlangoni. Nafasi ya Janga ilitangazwa na hakuna aliyeiomba. Sasa alikuwa amekaa juu ya meza mbele ya wanafunzi, shati amelivua, mbavu zinahesabika.

"Njooni mmoja mmoja," aliwaambia. "Sikilizeni hapa chini, upande wa kushoto. Ugonjwa umeniachia kitu humo. Msiniambie kifua ni kizuri, niambieni mnachosikia."

Rehani alitangulia. Aliweka stetoskopu mgongoni mwa mzee, akafumba macho. "Kama mtu anakanyaga majani makavu," alisema.

"Ndiyo. Likariri hilo. Mwingine."

Wanafunzi walipita wote, wakisikiliza na kubishana kama ni majani au ni karatasi, na Mwatime akasimama mlangoni bila haraka, mizigo miguuni. Mwisho wa foleni kulikuwa na mtu mpana mwenye mkongojo. Wanafunzi wakaacha kubishana. Profesa Mtambalike hakuwahi kuguswa na mwanafunzi yeyote tangu apewe cheo. Aliegemeza mkongojo ukutani, akafungua kifungo cha kwanza cha shati, akaendelea na cha pili.

"Na wangu, mwanangu?" alimuuliza Rehani.

Rehani alipasha joto kichwa cha stetoskopu kwa kiganja chake kwanza, akamzunguka mgongoni.

"Vuta pumzi, Profesa," alisema. "Usihutubie. Vuta tu."